Vikapu Viwili vya Mayai ya Bata

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Katandala alikuja na mayai saba ya bata ndani ya beseni, akaniomba nimtazamie. Yalikuwa yamekaliwa siku arobaini. Nilikwenda kuyavunja nyuma ya uzio, moja baada ya jingine, na harufu iliyotoka kwenye la tatu ikanifanya nisimame kidogo na kijiti changu mkononi. Wenzangu mliolelewa kwenye nyumba zenye bata mnaijua harufu hiyo, sina haja ya kuieleza. Jirani alisimama hatua chache nyuma yangu, ameziba pua kwa kanga. Akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni mkono wangu, dada. Maana nilimwekea mwenyewe."

Nilimwuliza dume wake yukoje, na hao majike walizaliwa na bata gani. Nikamweleza ninachokijua, akaondoka ameridhika. Lakini neno lile la mkono lilibaki nami mpaka jioni. Nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa hivi, na nusura limwondoe mtu nyumbani kwetu.

Tulikuwa tunakaa Chanji, siku zile Chanji ilipokuwa bado nusu mji na nusu shamba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mtaro uliokuwa na maji karibu mwaka mzima, na ng'ambo ya mtaro mikaratusi iliyokuwa ikilia kwa upepo wa Juni. Bata wa Bibi, mama yake baba, walishinda kwenye mtaro ule. Walikuwa bata wetu wa kawaida, weusi wenye mabaka meupe, na nyama nyekundu kama vipele kuzunguka macho. Hawakuwa na kelele. Dume wao alikuwa akitoa pumzi tu, hhh, hhh, kama mzee anayepanda mlima na mzigo. Niliamini kwa muda mrefu kwamba ana pumu.

Nyumbani kwetu bata hakuwekewa mayai na yeyote tu. Jike alipoanza kujinyonyoa manyoya ya kifua na kukataa kutoka kwenye kiota, Bibi alingoja Jumapili. Baada ya misa ya kwanza alivua viatu, akanawa mikono kwa maji yasiyo na sabuni, akatwaa kikapu cha mayai na kuyapanga chini ya bata moja moja bila kusema neno. Idadi lazima iwe witiri: tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Kisha alichora mstari wa mkaa ukutani jikoni, na kila Jumapili akaongeza mwingine. Kuku ni Jumapili tatu. Bata ni tano. Katikati ya hapo hakuna kuinua bata wala kuchungulia. Na mkono unaoweka lazima uwe mkono wa mwanamke aliyezaa, kwa sababu, alisema, yai linajifunza joto kutoka kwenye mkono wa kwanza. Bibi alikuwa amezaa watoto tisa. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakija kumchukua na vikapu vyao, naye aliona fahari kuitwa, ingawa njiani alilalamikia magoti.

Baba mdogo Kastori, mdogo wake baba, alikuwa akifanya kazi mbali, kwenye shamba la serikali la mifugo. Mkewe, mama mdogo Yustina, aliyemwoa kijijini Mwazye, aliishi nasi. Mumewe alikuwa akija wakati wa likizo, wiki mbili kila mwaka, na muda uliobaki Yustina alikuwa wangu. Alinisuka nywele akiwa amenibana magotini. Alinifundisha kuhesabu kwa makumi kwa kutumia maharage. Alipocheka aliziba mdomo kwa kiwiko, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi daima.

Kisha nyakati zikabadilika. Maduka ya mjini yalianza kujaa sabuni na vitenge na viatu vilivyovaliwa Ulaya, lakini mbolea ikawa kitu cha kuota. Baba alisimama mbele ya shamba la mahindi yenye majani ya njano akasema, "Tumefunguliwa mlango, sasa baridi inaingia." Shamba alilofanyia kazi baba mdogo likauzwa, na wafanyakazi wakaambiwa waende. Baadhi walichukua mabati, wengine mifugo iliyobaki. Baba mdogo alirudi juu ya lori la chumvi akiwa na sanduku moja la bati na tenga lenye bata watatu weupe kabisa. Majike wawili walikuwa wamekufa njiani. Aliyetoka hai ni dume.

Hatukuwahi kuona bata wa namna ile. Mdomo wa rangi ya chungwa, uso laini usio na nyama nyekundu, na juu ya mkia manyoya mawili yaliyojikunja kama nywele za mtoto. Alitembea amenyoosha shingo. Mama Gaudensia, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke aliyejua habari zote kabla hazijatokea, alimtazama sana.

"Kastori," akasema, "umetuletea bata au umetuletea padre?"

"Huyu ni bata wa kisasa, mama. Ana kilo nne huyu."

"Padre wetu naye hana pungufu."

Pasaka ilipofika dume wa Bibi, yule mwenye pumu, alichinjwa. Ilionekana si busara kulisha madume wawili wakati pumba nazo zimepanda bei. Hakuna aliyelitilia shaka jambo hilo. Tulikuwa tumepata kitu kikubwa zaidi na cheupe zaidi, na siku zile kila kilichotoka mbali kilidhaniwa kuwa bora.

Baba mdogo alikaa nyumbani mwezi mmoja, kisha akaingia kwenye biashara ya mitumba. Alilala Tunduma, akawa anatupitia Jumamosi moja kwa mwezi na kuondoka Jumatatu alfajiri.

Mayai ya kwanza baada ya dume mweupe yalikuwa kumi na matatu. Zamani kumi na matatu yalikuwa yakitoa vifaranga kumi, hata kumi na mmoja. Safari hii waliangua wanne, na waliangua Alhamisi, kabla ya Jumapili ya tano. Bibi alishika kiuno. "Hawa njiti," alisema. "Hawafiki Jumapili." Lakini walifika. Walikula kama waliochelewa chakula, hakuna aliyekufa kwa baridi, na kabla ya mavuno kwisha walikuwa wamewapita bata wote wa mtaani. Rangi yao ilikuwa ya ajabu, kijivu na nyeupe, na kwenye jua shingo zao zilitoa kijani. Dume mmoja na majike watatu. Watu walikuja kuwatazama. Dume aliuzwa mapema kwa mwenye hoteli. Majike, ambao walikuwa wadogo kidogo kuliko dume yule lakini wepesi na wazuri, Bibi alimpa Yustina mbele ya watu wote.

"Anza wako," alimwambia. "Mwanamke asiwe na mikono mitupu."

Nilidhani ni maneno ya kumpenda. Labda yalikuwa hivyo. Lakini nilimwona Yustina akitazama chini, na Mama Gaudensia akikohoa bila kikohozi. Ulikuwa mwaka wa nne tangu aolewe.

Wale majike walitaga vizuri. Mayai yao yalikuwa madogo kidogo kuliko ya bata wa Bibi, yenye weupe uliopooza, lakini walitaga mfululizo, na Yustina aliyahifadhi kwenye kikapu chenye makapi ya ulezi. Hawakuonyesha dalili ya kuatamia. Ilibidi aombe jike wa Bibi. Jumapili ile Bibi alikuwa ameenda msibani, bata ameshakaa kwenye kiota kitupu siku nne, na Yustina hakutaka kupoteza nafasi. Akanawa mikono, akavua viatu, akamwekea bata mayai kumi na moja yeye mwenyewe.

Jumapili tano zikapita. Na ya sita. Hakuna aliyeangua. Bibi aliyavunja kwenye mtaro, na harufu yake ikatufuata mpaka mezani.

"Nani aliweka?"

"Mimi, Mama," alisema Yustina.

Mara ya pili Bibi alimruhusu Yustina kumshikia kikapu tu, yeye mwenyewe akaweka. Hakuna kilichotoka. Mama Gaudensia, aliyekuja kuomba chumvi, akasema alichokuwa amekuja kusema. "Ukimpa mtu mwenye mkono uliopoa akushikie kikapu, mama, si umeyapoza yangali kapuni?"

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni nikipepeta dagaa, Bibi akiongea na baba uani kwa Kifipa. Alisema watu wa Mwazye waitwe. Waje baada ya kupanda, tuzungumze nao kuhusu binti yao. Baba aliuliza, "Kwa ajili ya bata?" Bibi akajibu, "Bata wanasema tu kile ambacho sisi tunakinyamazia."

Sikuelewa sehemu ya pili. Nilielewa kwamba watu watakuja kumchukua mama mdogo kwa sababu mayai yake hayaangui, na kwamba yakiangua hawatakuwa na sababu ya kumchukua. Niliona hesabu hiyo ikiwa nyepesi. Bado ninaikumbuka kama hesabu ya kwanza niliyoifanya maishani bila kuelekezwa, na nilikosea mahali pa kuanzia tu.

Ilitokea kwamba bata wawili wa Bibi walianza kuatamia wiki moja. Bibi, ambaye alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, alisema Yustina apewe nafasi ya mwisho, aweke peke yake, ili isemwe kwamba alipewa. Jioni ya Jumamosi vikapu viwili viliwekwa jikoni vimefunikwa vitambaa. Cha kitambaa cha bluu kilikuwa na mayai kumi na moja ya bata wa Bibi. Cha kitambaa cha kijani kilikuwa na kumi na moja ya wale majike wa Yustina. Asubuhi nilisema tumbo linaniuma. Waliponiacha wakaenda misani, nilibadilisha mayai yote, ya kikapu kimoja yakaenda kingine na ya kingine yakaja kwake, nikirudia kuhesabu, nikarudisha vitambaa kama vilivyokuwa. Bibi macho yake yalikuwa yameanza kufifia na banda lilikuwa na giza. Baada ya misa akaweka ya kwake. Yustina akaweka ya kwake baada yake, na nilimwona akisita na yai la kwanza kiganjani, akaligeuza, akamtazama Bibi, kisha akaendelea kuweka.

Wiki zile tano Yustina alikuwa mtu mwingine. Alichota maji ya kuoga ya Bibi kabla hajaambiwa, akayapasha. Alimkanda magoti kwa mafuta ya nyonyo kila jioni. Mimi nilikuwa na hofu kiasi kwamba nilipopita karibu na banda nilipumua kwa mdomo, nikiamini pumzi ya mwizi ikiingia kwenye yai haitoki.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya tano, kwenye kiota cha Yustina waliangua wanne. Wa njano wenye madoa, wakiwa na nguvu, wamekauka kabla ya saa sita mchana. Yustina alikaa chini kwenye vumbi la banda akalia bila kuziba uso. Mama Gaudensia alifika akatazama, akasema, "Haya basi," akarudi kwake. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kwenye kiota cha Bibi tulingoja. Jumapili ya tano ikapita, ya sita pia. Bibi aliyachukua mayai yote kumi na moja, akayapeleka mtaroni peke yake. Aliporudi alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda, akauweka mkono wa kulia juu ya paja, kiganja juu, akautazama.

Hakumlaumu mtu. Alikuwa ameishi na sheria ile maisha yake yote na hakujua kuivunja ilipomgeukia. Mwanamke wa mtaa wa chini alipokuja na kikapu chake, Bibi alimwambia, "Tafuteni mwingine." Alimwambia baba kwamba mkono hufa kabla ya mtu, kwamba mama yake alimwambia hivyo, na kwamba tusinunue vitu vikubwa mwaka huo. Alianza kula kidogo. Mvua za kupanda zikafika. Kila mwaka Bibi ndiye aliyetia mbegu ya kwanza ardhini, kisha ndipo sisi wengine tukaanza. Asubuhi ile baba alisimama shambani na mfuko wa mbegu, majembe yamelala, akingoja. Bibi alikaa kwenye tuta akasema, "Aweke mwingine. Mnataka njaa?" Tulirudi nyumbani bila kupanda. Majirani wote walikuwa wameshaanza.

Ndipo niliogopa kweli. Mchana nilimfuata Yustina mtaroni alikokuwa anasugua sufuria kwa mchanga, nikamwambia yote. Vikapu, vitambaa, tumbo la uongo.

Aliacha kusugua. "Wewe ndiye uliyebadilisha?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Si Mama?"

Sikuelewa swali. Akaniambia polepole, kama anayejiambia mwenyewe. Siku ile bandani aliposhika yai la kwanza alijua si lake. Lilikuwa kubwa, lilijaza kiganja. Alijua ni yai la bata wa Bibi. Alidhani Bibi amembadilishia kwa siri, kwa huruma, ili apate vifaranga wa kuwaonyesha watu wa Mwazye. Alikuwa ameishi wiki tano akijua kwamba mama mkwe wake anampenda na anaona haya kusema.

Mchanga ulikauka mikononi mwake. Nilikuwa nimetegemea anipige, na kofi lingekuwa rahisi kuliko uso ule.

Leo nikiwa na umri mkubwa kuliko wake wa siku ile ninaona alichokuwa nacho mbele yake. Angeweza kuniambia ninyamaze. Vifaranga wanne walikuwa wanatembea uani, mkono wake ulikuwa umesafishwa mbele ya mtaa mzima, na aliyemhukumu alikuwa anakauka kwa sheria yake mwenyewe. Nilikuwa na miaka tisa, ningenyamaza. Alisuuza sufuria, akaipindua juu ya jiwe, akanishika mkono tukaenda kwa Bibi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza maswali, moja moja, kama anayechagua mbegu.

"Mayai yaliyokufa, niliyaweka mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Yametoka kwa bata wa nani?"

"Wa mama mdogo."

"Na walioangua, aliweka yeye. Kwa mikono yake. Mayai ya bata wangu."

"Ndiyo, Bibi."

Kuku aliingia jikoni akatoka. "Kumbe haujafa," akasema hatimaye, akifunga na kufungua kiganja cha kulia. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza kwake, na simlaumu. La pili lilichukua muda zaidi kufika. Alimtazama Yustina.

"Na wewe uliyajua mayai yangu. Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilidhani umenipa, Mama."

Bibi aligeuza uso kuelekea ukutani. Kesho yake asubuhi alitia mbegu ya kwanza, na jioni tulikuwa tumemaliza robo ya shamba.

Watu wa Mwazye walikuwa wameshaitwa, na mtu akiitwa hazuiliwi njiani. Walifika wawili, baba yake Yustina na mdogo wake, na mavumbi ya lori mpaka kwenye nyusi. Baba mdogo aliletwa kutoka Tunduma amevaa shati lenye maandishi asiyojua maana yake. Walikaa sebuleni, mimi nikapewa kazi ya kupeleka togwa, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia nitoke, nilibaki mlangoni na kata yangu.

Bibi alisema yeye kwanza. "Niliwaita kwa neno. Nilisema mkono wa binti yenu umepoa, hata mayai yanakufa. Neno hilo nimeliondoa. Mkono haukuwa na kosa. Wale bata ndio mayai yao hayana kitu. Tumewapandisha bata wa nchi mbili, mzaliwa akawa mzuri, lakini hazai."

Leo naweza kulieleza hilo vizuri kuliko alivyolieleza yeye. Nimesoma vijitabu vingi, na miaka mingi nimeandika kwenye madaftari nani alipandwa na nani na wangapi waliangua. Bata wetu wenye nyama nyekundu usoni na wale weupe wenye mkia uliojikunja wanafanana kwa jina tu. Wa kwetu huatamia wiki tano, wale wengine nne. Wakikutana, mayai mengi hayashiki, na yanayoshika huangua katikati ya siku hizo. Kifaranga anayetoka ana nguvu na anakua haraka, lakini uzazi haumo ndani yake, kama nyumbu anayezaliwa na punda na farasi. Chotara jike atataga na mayai hayatatoa kitu, hata ayaweke nani. Hakuna ubaya kwa baba yake wala kwa mama yake. Kila mmoja akipata mwenzake wa kabila lake atajaza uwanja. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa na kijitabu. Kulikuwa na baba mdogo, ambaye alikohoa akasema:

"Kule shambani chotara hawakuwekewa mayai. Wote walikwenda kuchinjwa."

Bibi alimgeukia taratibu. "Ulilijua hilo?"

"Niliona tu, Mama. Sikuuliza sababu."

"Na hapa ukaona tunamtafuna mkeo mwaka mzima."

"Hakuna aliyeniuliza."

Mzee wa Mwazye aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu mfupi mwenye adabu nyingi, na alipozungumza alizungumza na kikombe. "Mama, nimefurahi kuhusu bata. Lakini ulituita kwa ajili ya binti. Neno la bata limeondoka. La binti bado liko hapa?"

Kimya kilichofuata nilikijua. Ni kile kile cha kungoja Jumapili ya sita. Bibi alizungusha macho, akanikuta mlangoni.

"Huyu mtoto anajua kuhesabu," akasema. "Lete maharage, mjukuu wangu. Likizo moja ni siku ngapi, Kastori?"

"Kumi na nne, Mama."

"Ulikuja mara ngapi?"

"Tatu."

"Weka." Nikaweka maharage mkekani, kwa makumi, kama nilivyofundishwa. "Na mwezi ule uliporudi." Nikaweka. "Na hizo Jumamosi zako za Tunduma. Usizihesabu za msiba, ulilala nje na wanaume." Nikaweka. Nilihesabu mara mbili, kwa kuwa nilijiona nimepewa kazi kubwa. Katika miaka minne na zaidi, siku ambazo baba mdogo alilala nyumbani kwetu hazikufika mia. Nilitangaza jumla kwa sauti ya darasani, nikidhani tunatafuta siku za kuatamia za bata wa namna mpya.

Mdogo wake mzee wa Mwazye ndiye aliyeanza kucheka, kichwa akikificha kwenye bega la kaka yake. Kisha baba. Kisha, kwa namna ya aibu, Kastori mwenyewe. Bibi hakucheka. Alikusanya maharage akayarudisha kwenye bakuli.

"Tumemhesabia yeye tu," alisema. "Yustina, baba yako yuko hapa. Ukitaka kwenda naye, hatutakurudisha kwa maneno. Ukitaka kukaa, kaa."

Yustina alikuwa amesimama nyuma yangu, muda wote ule, na mimi sikujua. Alisema hatakwenda siku hiyo. Kama siku moja atakwenda, atakwenda kwa lake, si kwa kuitiwa watu. Alisema kwa heshima, ameinama kidogo, lakini alilisema lote. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Wale chotara watatu, na wale wanne waliowafuata, tuliwala mmoja mmoja, na nyama yao ilikuwa nzuri sana, sitaki kusema uongo. Dume mweupe aliuzwa. Mzee wa Mwazye alitutumia dume mweusi mwenye uso mwekundu, aliyepumua kama yule wa zamani. Mwaka huo Yustina hakupata mtoto, wala uliofuata. Alimpata mmoja, wa kike, nilipokuwa nimeshamaliza shule, na wakati huo hakuna aliyekuwa akingoja tena. Ninataja hili kwa kuwa mtaniuliza. Kilichokuja kabla yake ni kitu kingine, nami nilikiona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya kwanza, katika mvua zile zile. Mama Gaudensia alikuja na kikapu cha mayai, akamwomba Bibi aende kumwekea bata. Bibi alikuwa amenyoosha miguu kwenye mkeka. Alisema magoti hayamruhusu, na huyo hapo Yustina.

Mama Gaudensia alimtazama Yustina, akatazama kikapu. Alihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda ule. Bibi naye hakumsaidia, alikuwa anachambua mboga kana kwamba mboga zile ndizo za mwisho duniani. Yustina hakusogea wala hakunyoosha mkono.

"Umeshakunywa chai, mwanangu," Mama Gaudensia akauliza hatimaye, "au twende tu, utakunywa kwangu?"

Yustina akavua viatu pale pale mlangoni, akampokea kikapu.